Ukimaliza Sosholojia Utakuwa Nani?

Wanafunzi wa mwaka wa pili,

Kila mwendapo nyumbani likizo mnaulizwa mnasomea nini. Mkijibu sosholojia, swali la pili halikawii: "Ukimaliza utakuwa nani?" Wa sheria atakuwa wakili, wa uuguzi atakuwa muuguzi. Ninyi mnabaki mkitafuta la kusema. Mada yangu ni swali hilo la pili.

Tuanze na waasisi wawili wa fani yetu. Mwaka 1897 Émile Durkheim alichapisha kitabu kuhusu kujiua, akaonyesha kwa takwimu kwamba hata tendo la siri kiasi hicho hufuatana na dini na ndoa za watu. Miaka miwili baadaye W.E.B. Du Bois akatoa utafiti wake juu ya Wamarekani weusi wa Philadelphia. Durkheim alitegemea takwimu zilizokwisha kukusanywa. Du Bois alipiga hodi nyumba kwa nyumba. Huyo wa pili ndiye ningependa mumfuate, maana ajira zetu nyingi zinaanzia kwenye hodi.

Chukueni mfano wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga: kilomita 1,443, na kwetu Tanzania linapita mikoa 8. Kwenye mradi wa namna hiyo mthamini hupima shamba na kuhesabu migomba. Lakini shamba lina jina la mume, na anayelilima ni mke wa pili. Mihogo ni ya mtu aliyeazimwa ardhi. Chini ya mwembe kuna kaburi la babu. Wafugaji hupitisha mifugo hapo kiangazi tu, na siku ya uthamini hawapo. Nani alipwe, na nani aulizwe kabla kaburi halijahamishwa? Hayo hayamo kwenye ramani ya mhandisi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari, na ndani ya timu za tathmini hiyo mtaalamu wa jamii ana kiti chake.

Milango mingine mnaifahamu: maendeleo ya jamii kwenye halmashauri, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), mashirika yasiyo ya kiserikali, rasilimali watu, ualimu wa vyuo. Ila ustawi wa jamii ni taaluma nyingine yenye mafunzo yake. Msiichanganye na yenu mnapoomba kazi.

Kinachoniuma ni wahitimu wanaotaja nadharia zote lakini hawawezi kutunga dodoso. Nimefanya kazi na kijana mwenye shahada nzuri aliyemuuliza mkulima wa korosho kipato chake cha mwezi. Mzee yule hupata fedha mara moja, msimu wa mauzo. Alinyamaza, kisha akataja tarakimu yoyote ili mgeni aridhike. Tarakimu hiyo iliingia kwenye ripoti. Kosa halikuwa la mzee.

Kwa hiyo jifunzeni takwimu bila kuziogopa, na tasnifu zenu ziandikeni wenyewe, kwa data mlizozikusanya kwa miguu yenu. Likizo hii ombeni chuoni barua ya utambulisho, muipeleke kwa mtendaji wa kata ya kwenu. Mwombeni mkae ofisini kwake wiki mbili, msikilize mashauri ya mipaka, ya matunzo ya watoto na ya michango ya shule. Andikeni kila siku jioni, na mkirudi njooni na madaftari hayo.