Kigingi Kidogo Katika Taya

Leo nimeleta barua. Imetoka kwa mama mmoja wa darasa la Katoro, huko Geita, naye ameiandika kwa mkono wake mwenyewe. Nimeifurahia sana, ingawa habari yake si ya furaha.

Mama huyu ana binti anayenyooshwa meno katika hospitali moja ya mjini. Daktari alimtia skrubu ndogo katika taya. Baada ya majuma matano skrubu ikalegea, na asubuhi moja ikatoka pamoja na uji. Majirani wakamwambia, "Umeuziwa chuma bandia." Sasa anataka kumwachisha binti matibabu. Anauliza: Je, ni kweli ilikuwa bandia?

Hilo ni swali la mtu wa nchi ya dhahabu. Huku kwetu kila kinachong'aa hutiliwa shaka kwanza. Lakini tutazame kazi ya skrubu yenyewe.

Ukimfunga ng'ombe kwa ng'ombe mwenzake, wote wawili watatembea. Ukimfunga kwenye kigingi, kigingi kitakaa pale pale. Meno ni hivyo hivyo. Daktari akivuta jino bovu kwa kulifunga kwenye jino zuri, yote mawili yatahama. Kwa hiyo hupigilia kigingi katika mfupa wa taya, akavutia hapo. Mwaka 1997 daktari wa Japani, Ryuzo Kanomi, alieleza kigingi cha namna hiyo chenye unene wa milimita 1.2 na urefu wa milimita 6. Pimeni kwa rula mwone. Ni kidogo kuliko punje ya mchele.

Chuma chake kwa kawaida ni titani iliyochanganywa na madini mengine. Mwaka 1952 mtaalamu wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mifupa ya sungura. Alitia kifaa cha titani ndani ya mfupa. Siku ya kukitoa, hakikutoka! Mfupa ulikuwa umekikumbatia. Tangu mwaka 1965 akaanza kuwatia watu mizizi ya titani badala ya meno yaliyong'oka.

Mafundi wakajiuliza: Tufanyeje mfupa ushike zaidi? Ninyi mnaokandika nyumba mnajua jibu. Ukuta ukiwa laini, udongo wa pili hubanduka. Fundi hukwaruza udongo wa kwanza kabla haujakauka, ndipo wa pili ushike. Basi na skrubu nyingine hukwaruzwa. Hupigwa kwa mchanga mgumu sana unaorushwa kwa nguvu ya upepo, kisha huchovywa katika tindikali. Wachimbaji wa dhahabu wanaijua tindikali na ukali wake. Uso wa skrubu hubaki na vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho, na mfupa mpya huota ndani yake. Shingo ya juu, ile inayogusa ufizi, huachwa laini ili uchafu usipate pa kujificha.

Hapo mtasema, basi binti yule angepewa iliyokwaruzwa. Ngojeni kidogo. Skrubu hii si ya kukaa milele. Meno yakishapangwa, hutolewa. Ikishikwa mno na mfupa, nayo ni nyembamba, yaweza kukatika wakati wa kuitoa. Ndiyo sababu nyingi hutengenezwa laini. Tena, madaktari waliolinganisha aina hizi mbili katika vinywa vya watu hawakuona tofauti kubwa ya kuanguka.

Sababu ni hii. Siku ya kwanza skrubu haishikwi na vishimo. Inashikwa na ganda gumu la nje la mfupa, kama nguzo inavyobanwa na ardhi iliyoshindiliwa. Ganda likiwa jembamba, kigingi hucheza. Kisha katika majuma ya kwanza mwili hula mfupa wa zamani kuizunguka skrubu na kujenga mpya. Wakati huo mshiko hupungua, na uso uliokwaruzwa husaidia kidogo. Lakini skrubu ikigusa mzizi wa jino, au ufizi ukivimba kwa uchafu, au mtoto akiitikisa kwa ulimi kutwa nzima, vishimo havitaiokoa.

Uchunguzi mmoja wa mwaka 2012 ulikusanya habari za skrubu karibu 5,000. Katika kila 100, kama 13 au 14 zilishindwa. Hata mikononi mwa mabingwa, mama.

Kwa hiyo kulegea peke yake si dalili ya chuma bandia. Usimwachishe binti matibabu. Wala usijaribu kuirudisha skrubu kwa vidole, nimesikia kuna watu hufanya hivyo! Mrudishe kwa daktari, naye anaweza kutia nyingine mahali pengine penye mfupa mzuri. Mwulize mambo mawili: ile ya kwanza ilitoka kwa nini, na binti aisafisheje ya pili. Daktari hawezi kukasirika kwa kuulizwa. Akikasirika, uliza tena.

Haya, fungueni madaftari. Andikeni maneno haya: taya, ufizi, mzizi, kigingi, tindikali. Kisha kila mmoja aandike sentensi mbili kujibu swali hili: Kwa nini shingo ya skrubu huachwa laini? Mwalimu wa darasa atasahihisha. Mama wa Katoro, wewe utuandikie barua ya pili, utueleze daktari alisemaje.