KUPIMA MAONI KABLA YA UCHAGUZI
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Kila unapokaribia uchaguzi wa rais, katika nchi nyingi hutangazwa hesabu za watu wasemao kwamba watampigia kura mgombea huyu au yule. Wako wanaoziamini kana kwamba kura zimekwisha hesabiwa. Wako pia wanaozidharau, wakisema kwamba watu elfu moja hawawezi kusema kwa niaba ya mamilioni. Makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao laweza kuonekana hata katika ghala la chama.

Karani apokeaye mahindi hamwagi gunia zima ili ajue hali ya nafaka. Huchoma bambo, akatazama punje chache zilizotoka. Punje hizo humtosha iwapo amechoma juu, kati na chini. Lakini akichoma mdomoni mwa gunia peke yake, hata arudie mara mia, uozo ulioko chini hataujua mpaka mnunuzi amrudishie mali. Kupima maoni ni kazi ya namna hiyo hiyo.

Ushahidi umo katika uchaguzi wa Marekani wa mwaka 1936. Gazeti la Literary Digest, ambalo lilikuwa limewabashiri sawasawa washindi wote tangu mwaka 1916 hadi 1932, lilipeleka karatasi za maswali kwa watu wapatao milioni 10. Zilirudi zaidi ya milioni 2. Kwa hesabu hiyo kubwa gazeti likatangaza kwamba Alfred Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Kura zilipohesabiwa, Roosevelt alipata kiasi cha asilimia 61, akashinda katika majimbo 46 kati ya 48. Gazeti hilo halikudumu. Lilikoma mwaka 1938.

Kosa lilikuwa wapi? Majina mengi yalitolewa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na katika miaka ile ya dhiki mwenye simu au gari hakuwa mtu wa chini. Tena, zaidi ya robo tatu ya walioulizwa hawakujibu, na wapinzani wa Roosevelt walirudisha karatasi kwa bidii kuliko wafuasi wake. Bambo lilichomwa mdomoni mwa gunia. Mwaka huo huo George Gallup, aliyehoji watu wachache mno kuliko hao, alimtaja mshindi wa kweli.

Hata hivyo Gallup naye aliteleza. Mwaka 1948 yeye na wapimaji wenzake walisema kwamba Thomas Dewey angemshinda Rais Harry Truman. Waliacha kuuliza mapema mno, mmoja wao tangu mwezi Septemba, na wahojaji wao waliruhusiwa kujichagulia watu wa kuhoji. Wakati huo bei ya mahindi ilikuwa ikianguka, na wakulima wakikosa maghala ya kuhifadhia mavuno. Truman aliwaendea mashambani, akalilaumu Bunge kwa upungufu wa maghala. Majimbo ya Iowa na Ohio, ambayo Dewey alikuwa ameyapata mwaka 1944, safari hii yalimpa kura Truman, naye akashinda. Mkulima alikuwa amebadili nia baada ya mpimaji kufunga daftari lake.

Tangu hapo wapimaji makini wameshika desturi ya kuchagua watu kwa bahati nasibu. Watu 1,000 waliochaguliwa hivyo hutoa jibu linaloweza kupotoka kwa kiasi cha asilimia 3 juu au chini. Basi ikisemwa kwamba huyu ana 51 na yule ana 49, hajajulikana nani yuko mbele. Hapana budi msomaji aulize: nani aliyegharimia upimaji huu? Waliulizwa watu wangapi, lini, na kwa maneno gani? Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2012 huwataka watangazaji wa hesabu hizo watoe maelezo ya namna hiyo.

Funzo hili lamhusu kila katibu. Mathalani, chama kinataka kujua kama wanachama wamekubali kulipwa kwa awamu mbili. Katibu akiwauliza walioketi viti vya mbele, ataandika kwamba wote wameafiki. Msimu ukifika, mwanachama wa bondeni, ambaye ada ya shule haimngojei malipo ya pili, atampelekea mlanguzi mazao yake usiku, na chama kitabaki na mizani isiyo na kazi. Yafaa katibu afungue daftari la wanachama, achukue jina moja katika kila kumi, amfuate kila aliyeangukiwa hata akiwa mbali, na awaulize wote swali moja kwa maneno yale yale. Asiyekuwapo nyumbani arudiwe. Jirani yake asiulizwe badala yake.

Wala upimaji wa maoni si uamuzi. Hesabu za magazeti hazimweki rais madarakani, na daftari la katibu halishiki nafasi ya mkutano mkuu. Kazi yake ni kumwonya kiongozi mapema kuhusu yaliyo chini ya gunia, ili asije akayajua siku ya mauzo.