Kwa Nini Postikadi za Unguja Zilifanana

Wasikilizaji wa kipindi cha historia, mada ya leo ni postikadi za Unguja zilizouzwa tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na hasa lawama ambayo wapiga picha wake wamekuwa wakitupiwa, kwamba hawakuwa na ubunifu kwa sababu walirudia mandhari zile zile: jumba la Beit al-Ajaib likitazamwa kutoka baharini, majahazi bandarini, mlango wa nakshi, kichochoro cha Mji Mkongwe, na mwanamke aliyejipamba akiwa ameketi studioni. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inawapima wafanyabiashara kwa kipimo cha wasanii, na inamfanya msomaji wa historia apite haraka mbele ya hazina ambayo thamani yake imetokana na huko kurudiwarudiwa.

Kamera ilifika katika pwani hii mapema. Mbinu ya dagerotipu, yaani picha isiyo na nakala inayotokea juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, ilitangazwa nchini Ufaransa mwaka 1839, na katika safari yake ya kati ya 1846 na 1848 ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, Charles Guillain, alikuwa tayari anaitumia Unguja na katika miji mingine ya mwambao. Mwaka 1860 alifuata James Augustus Grant, mwenzake mpelelezi Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Mto Nile. Hao walikuwa wapita njia. Waliokaa na kuigeuza picha kuwa biashara walikuwa hasa Wagoa, watu wenye asili ya Goa, wakati huo koloni la Ureno katika pwani ya India, na majina yao, kama vile A. C. Gomes, J. P. Fernandes na ndugu wa Coutinho, yangali yanasomeka kwenye picha na kadi zilizohifadhiwa hadi leo.

Postikadi yenyewe ilianzishwa na Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, ikiwa karatasi ngumu isiyo na picha, na mwezi uliofuata Mfereji wa Suez ukafunguliwa, ukafupisha njia ya meli za mvuke kutoka Ulaya hadi Bahari ya Hindi. Kadi iliendelea kubadilika hadi Uingereza iliporuhusu, mwaka 1902, anwani na ujumbe viandikwe upande mmoja, hatua iliyofuatwa na Ujerumani mwaka 1905, na hivyo upande wa pili ukabaki wote kwa ajili ya picha. Mteja mkubwa wa kadi hizo akawa abiria wa meli, ambaye aliteremka kwa saa chache tu na kutaka kuwathibitishia jamaa zake kwamba amefika.

Hapo ndipo penye asili ya mandhari zilizozoeleka. Katika miaka hiyo Unguja haikuwa na gati la maji ya kina, kwa hiyo meli ilitia nanga mbali kidogo na abiria wakaletwa ufukweni kwa mashua, na kitu cha kwanza kuwajaa machoni kilikuwa safu ya majumba ya Sultani, iliyokuja kuwa picha iliyonunuliwa sana kwa sababu mnunuzi alikuwa amekwisha kuiona kwa macho yake. Kamera za wakati huo zilikuwa nzito, zikisimamishwa juu ya miguu mitatu na kutumia mabamba ya kioo, na vichochoro vya Mji Mkongwe, vyenye kivuli kizito chini na jua kali juu, havikumwachia mpiga picha sehemu nyingi za kusimama. Kadi nyingi zilichapishwa Ulaya, hasa Ujerumani, kwa nakala nyingi kwa mkupuo, na duka lililolipia shehena hiyo lilikuwa na sababu nzuri ya kuogopa mandhari ambayo hakuna aliyeiulizia. Rangi nazo zilitiwa na mafundi ambao hawakuwahi kukanyaga Unguja, na ndiyo maana bahari ya kwenye kadi hizo pengine huwa na buluu ambayo mvuvi wa mtaa wa Malindi, Unguja, asingeitambua.

Faida ya marudio hayo inaonekana vizuri zaidi katika Beit al-Ajaib. Jumba hilo lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, na picha za awali zinaonyesha mnara wa taa ukisimama peke yake mbele yake. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilishambulia majumba ya Sultani katika vita visivyotimiza saa moja, ambavyo viliangamiza jumba la Beit al-Hukm na kuuharibu mnara huo vibaya, na baada ya hapo mnara mpya wa saa ukaunganishwa na uso wa Beit al-Ajaib yenyewe. Kadi inayoonyesha mnara uliosimama peke yake, basi, imetokana na picha ya kabla ya shambulio, hata kama ilichapishwa miaka mingi baadaye. Reli ya Bububu, iliyoanza kazi mwaka 1905, ikionekana kando ya Ngome Kongwe, picha haiwezi kuwa ya zamani kuliko ujenzi wake, na bustani ya Forodhani, iliyotengenezwa mwaka 1936 kwa jubilii ya Sultani Khalifa bin Haroub, hutenganisha vivyo hivyo picha za kabla na za baadaye. Kama kila mpiga picha angetafuta pembe yake ya pekee, ulinganisho huu usingewezekana, na baada ya sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib kuporomoka pamoja na mnara wake tarehe 25 Desemba 2020, picha za kawaida kabisa za jumba hilo zimekuwa ushahidi wa namna lilivyokuwa.

Lakini kuna hasara isiyofidiwa na hoja hiyo. Ng'ambo, upande wa pili wa mkondo wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na makazi ya watu wengi wa kipato cha chini, inaonekana kwa nadra, tena kwa maelezo ya jumla kuhusu vibanda vya wenyeji. Wanawake wa studioni walipewa jina la kabila au la uzuri, si la kwao wenyewe, na yawezekana mavazi na vito walivyovaa vilikuwa mali ya studio. Hapa kosa haliko katika pembe ya kamera. Liko katika kumuuzia mgeni mtu bila jina lake, na mpiga picha mwenye ubunifu mkubwa angeweza kulitenda vilevile. Mabadiliko yalikuja mteja alipobadilika: Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930, aliwapiga picha pia wakazi wa Unguja waliokuja wenyewe kwa ajili ya familia zao, na sura zikawa na wenyewe.

Msikilizaji mwenye kadi za zamani nyumbani anaombwa asizibandue kwa nguvu kwenye albamu wala kuzikata kingo, kwa kuwa muhuri wa posta na jina la studio nyuma ya kadi husaidia kujua tarehe, na ikiwa yuko mzee anayemtambua mtu aliyemo pichani, jina hilo liandikwe kwenye karatasi ya kando sasa hivi, mzee huyo akiwa bado yupo.