Siku Saba Puteoli

Fungueni pamoja nasi Matendo ya Mitume, sura ya 28, kuanzia mstari wa 11 hadi wa 15. Humo limetajwa jina ambalo wengi wetu hulisoma kwa haraka na kulipita: Puteoli.

Mji huo ungalipo. Leo unaitwa Pozzuoli, nao uko kando ya bahari ya Mediteranea, magharibi ya Napoli, katika nchi ya Italia. Tulifika huko kwa treni asubuhi moja, tukashuka kwa miguu mpaka bandarini. Ni bandari ndogo. Wavuvi walikuwa wakitengeneza nyavu zao, na meli za abiria zilikuwa zikipakia watu wa kwenda visiwani. Lakini wakati wa Paulo, yapata mwaka 60, hii ilikuwa bandari kubwa. Merikebu kutoka Iskanderia zilileta hapa ngano ya Misri, chakula cha watu wa Roma.

Karibu na bandari tuliona magofu ya soko la Warumi. Nguzo tatu ndefu za marumaru zingali zimesimama. Tulipozitazama vizuri tuliona ajabu: juu kuliko kichwa cha mtu mrefu, jiwe limejaa vitundu vidogo vidogo. Vitundu hivyo vilichimbwa na kome wa baharini. Kome wamefikaje juu ya nguzo? Jibu ni kwamba ardhi ya mji huu haitulii. Chini yake kuna moto wa volkeno. Zamani ardhi ilididimia, bahari ikaingia sokoni na kuzifunika nguzo kwa sehemu. Baadaye ikainuka tena, maji yakatoka.

Na jambo hilo halijakwisha. Mwaka 1970 watu wa mtaa wa kale ulio juu ya bandari, uitwao Rione Terra, waliamriwa kuhama. Kati ya 1982 na 1984 ardhi ilipanda zaidi ya mita moja na nusu, na maelfu wakahamishwa kwa sababu ya matetemeko. Tangu mwaka 2005 inapanda tena, hata maji ya bandari yamepungua na mashua ndogo hukwama. Mwaka 2024 na mwaka 2025 matetemeko yaliwatoa watu vitandani usiku.

Wapendwa, tukiwa pale tulijiuliza: katika mji ambao hata ardhi yake haitulii, ni kitu gani kimedumu? Tukarudi kwenye maandiko.

Paulo alifika Puteoli akiwa mfungwa. Alikuwa amevunjikiwa na merikebu, akakaa Melita miezi mitatu, na sasa alikuwa akipelekwa Roma kuhukumiwa na Kaisari, chini ya ulinzi wa askari. Mtu mwenye busara ya dunia angejiweka mbali naye. Lakini Luka anatuambia kwamba waliwakuta ndugu huko, nao wakawasihi wakae nao siku saba. Angalieni neno hilo: waliwasihi. Hawakungoja kuombwa. Luka hakutaja hata jina moja la watu hao, lakini alichotenda kila mmoja wao kinasomwa mpaka leo.

Sasa turudi nyumbani, na hapa twasema kwa haya. Katika kanisa letu kulikuwa na kijana aliyefungwa miaka mitatu. Alipotoka gerezani alikuja ibadani Jumapili. Tulimpa mkono mlangoni, tukamwambia, "Bwana asifiwe," kisha kila mtu akashika njia yake. Hakuna aliyemwalika hata kwa kikombe cha chai. Jumapili ya pili aliketi peke yake kwenye benchi la nyuma. Jumapili ya tatu hakuja. Na sisi, badala ya kumfuata, tulisema, "Mnaona? Hakubadilika."

Tuliporudi kutoka safari ile tulikwenda kwake. Tulimkuta akipalilia mahindi ya mama yake. Alitutazama kwa muda, kisha akasema, "Nilidhani mmepotea njia."

Tukamjibu, "Ndugu yetu, ni kweli. Tulikuwa tumepotea."

Alicheka kidogo, akaweka jembe chini, akaenda kumwambia mama yake ateleke chai. Yeye ndiye aliyetukaribisha sisi! Hajarudi kanisani bado. Lakini sasa tunakwenda kwake, naye anakuja kwetu, na tunaomba pamoja.

Kutoka Puteoli Paulo aliendelea na safari, na ndugu wa Roma wakaja kumlaki mpaka Soko la Apio na Mikahawa Mitatu. Alipowaona alimshukuru Mungu, akapata moyo. Hata mtume mkuu kama Paulo alihitaji kutiwa moyo kwa kuona nyuso za ndugu. Basi je, yule aliyetoka gerezani jana? Je, binti aliyerudi nyumbani na mtoto, ambaye jirani wanamsema? Je, mzee aliyefutwa kazi kwa aibu? Wiki hii, msingoje mzee wa kanisa aunde kamati. Pigeni hodi. Semeni, "Tumekuja kukuona."

Bandari hupanda na kushuka, nguzo huliwa na kome, miji huhamwa. Upendo wa Kristo hautikisiki, na mlango uliofunguliwa kwa ajili yake haujasahauliwa.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe ulitupokea tukiwa wenye hatia. Utusamehe kwa wale tuliowapa mkono bila kuwapa nafasi. Utuonyeshe leo mlango wa kubisha, na utupe ujasiri wa kwenda. Amina.