Watoto Tunaowaita Watukutu: Kwa Nini Mwaka Huu Tuchangie Mafunzo ya Walimu

Hotuba ya Mweka Hazina kwenye mkutano mkuu wa mwaka, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotoka nyumbani Pangani mkavumilia safari, kina mama, vijana, ndugu zangu nyote.

Mwenyekiti amenipa dakika kumi na tano, na kwa kuwa ananifahamu ameweka saa mezani. Najua mweka hazina akisimama watu huanza kutafuta viatu. Mizania mnayo kwenye makabrasha, sitaisoma. Nimesimama kutetea fungu moja tu la bajeti, lile ambalo kamati ilibishania hadi usiku: fedha za kuwafunza walimu wa shule zetu za msingi namna ya kukaa na watoto wenye matatizo ya hisia na tabia. Kwa lugha ya nyumbani ni watukutu, wakorofi, walioshindikana. Wamo na wengine ambao hatujawapa jina kwa sababu hawamsumbui mtu: wamekaa pembeni mwa darasa, hawasemi, hawachezi.

Chama hiki kinajua kujenga. Tofali lina risiti, dawati lina picha, na jina la mchangiaji linaandikwa ukutani. Kihasibu, darasa ni mali ya kudumu, kila mwaka tunalikatia uchakavu na bado linabaki vitabuni. Mwalimu aliyefunzwa haingii kwenye daftari la mali. Mjumbe mmoja wa kamati aliniuliza: akihamishwa wilaya, si ameondoka na hela yetu? Ni hoja nzito na nitaijibu, lakini kwanza tuwaangalie watoto wenyewe.

Nyumbani mnapajua. Baba yuko dago, hajulikani atarudi lini. Mama yuko mjini au Oman kwenye kazi za ndani. Mtoto amebaki kwa bibi ambaye macho yake yamechoka. Alfajiri mtoto yuko pwani anasubiri mashua zishushe samaki apate chochote, shuleni anafika saa nne, ana njaa na usingizi. Mwenzake akimgusa bega, anarusha ngumi. Mwalimu aliye mbele ya darasa lililofurika hana nafasi ya kuuliza kilichotangulia ile ngumi, anachokiona ni ngumi.

Halafu wapo wanaoumwa, nasi tunadhani wana kiburi. Malaria kali inayopanda kichwani haiishii siku mtoto anapotoka wodini. Watafiti wa Kilifi, Kenya, na wa Uganda waliowafuatilia watoto waliopona wamewakuta baadhi yao na kifafa, ugumu wa kusema na kujifunza, na wengine na tabia zilizobadilika. Kipo kifafa kisichomwangusha mtu: mtoto anakodoa macho sekunde chache, haelewi alichoambiwa, mwalimu anaona amedharauliwa. Yupo pia mwenye masikio yanayotoa usaha, anayesikia nusu ya maneno. Huyu utamchapa mwaka mzima, na hatasikia vizuri zaidi.

Nimefika kwenye fimbo, na nimesikia mnong'ono huko nyuma: "Sisi tulichapwa, mbona tumekuwa watu?" Ni kweli, tulichapwa. Ila tazameni nani yuko ukumbini humu. Ni sisi tuliobaki shule. Wale tuliokaa nao dawati moja darasa la tatu wakatoroka kwa kuogopa viboko, hawapo humu kutoa ushahidi. Mkaguzi anayehesabu magunia yaliyofika sokoni bila kuuliza mangapi yalitoka ghalani, mimi simwajiri.

Sheria yenyewe haimpi kila mwalimu ruhusa ya kuchapa. Kanuni za adhabu ya viboko, Tangazo la Serikali Na. 294 la 2002, zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na adhabu iandikwe kwenye kitabu. Mimi mhasibu, hicho kitabu ndicho kilichonivutia. Nawaomba wazazi mlio nyumbani, mkienda kwenye kikao cha shule, ombeni mkione.

Je, kuna njia nyingine inayofanya kazi kwenye shule kama zetu, zenye watoto wengi na fedha kidogo? Ipo. Wilaya ya Luwero, Uganda, shule za msingi 42 ziliingia kwenye jaribio. Nusu zilifuata utaratibu uliotengenezwa na shirika la Raising Voices la Kampala, ambamo walimu, wanafunzi na wazazi wanakubaliana malengo ya shule na adhabu zisizo za kipigo. Nusu nyingine zilisubiri zamu yao. Baada ya miezi 18 watoto waliulizwa kama walipigwa na mwalimu katika wiki iliyopita. Kwenye shule zilizosubiri, 49 kati ya kila 100 walisema ndiyo. Kwenye zile zilizofuata utaratibu, 31. Kipigo hakikuisha, na nisingemwamini anayeniambia kimeisha. Lakini tofauti hiyo ni ya kweli, na matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Hapa kwetu Tanzania, watafiti wetu na wenzao wa Ujerumani waliwapa walimu wa sekondari za serikali mafunzo ya siku tano na nusu, nao wakapunguza matumizi ya nguvu kwa wanafunzi. Matokeo hayo yalitoka 2018. Siku tano na nusu, ndugu zangu, wala si shahada.

Basi fungu hili litalipia nini? Walimu wawili kila shule, na mwalimu mkuu pamoja nao, maana asiposhiriki yeye hakuna kitakachobadilika. Watafunzwa mambo ya kawaida kabisa. Mtoto anayesumbua awe na mtu mzima mmoja shuleni anayemsalimia kwa jina kila asubuhi. Akipandwa na hasira awe na mahali pa kukaa atulie, kabla ya kuulizwa chochote. Akifanya vizuri aambiwe, hata kama ni kukaa kimya kipindi kimoja. Mwalimu amfuate bibi nyumbani, na asiende kushtaki tu, aende kuuliza. Apewe kazi anayoiweza: bustani, ngoma, timu ya mpira. Na kabla ya yote apimwe masikio na macho, na anayehitaji daktari apelekwe Bombo, nauli yake na ya mlezi ikiwa imeshalipwa.

Nauli hiyo msiidharau. Ndiyo mstari mdogo kuliko yote kwenye bajeti, na nimeupigania kuliko yote, kwa sababu barua ya rufaa bila nauli inabaki kuwa karatasi tu ndani ya sanduku la bibi.

Wapo wanaohofu kwamba mtoto akipelekwa kwa daktari wa akili jina litamganda. Kwetu Mirembe na Lutindi ni majina ya kutaniana. Lakini Lutindi, kule milimani Korogwe, kabla haijawa hospitali ya magonjwa ya akili mwanzoni mwa karne ya 20, ilifunguliwa mwaka 1896 kuwa makazi ya watoto waliookolewa kutoka utumwani. Watu waliona zamani sana, ndani ya mkoa wetu wa nyumbani, kwamba mtoto aliyepitia mabaya anahitaji mahali na watu.

Sasa nimjibu yule mjumbe. Mwalimu akihamishwa, ni kweli ataondoka na ujuzi wake. Ndiyo maana ni wawili na mwalimu mkuu, ndiyo maana shule itapewa mwongozo ulioandikwa, na ndiyo maana nimeliweka fungu hili kwenye matumizi ya kila mwaka, ili walimu wapya nao wafunzwe. Tukilichangia mara moja tukapiga picha, tutakuwa tumepoteza fedha, na nitakuwa wa kwanza kusema hivyo kwenye ripoti. Serikali imeagiza shule ziwe na dawati la ulinzi na usalama wa mtoto. Dawati hilo si la mbao. Linahitaji mtu wa kulikalia anayejua la kufanya.

Udhibiti: fedha zitakaa kwenye akaunti ya chama, zitatoka kwa saini tatu, na malipo ya mafunzo yatakwenda moja kwa moja kwa mtoa huduma. Kila muhula shule itatuletea idadi tu: utoro, waliopelekwa hospitali, adhabu zilizoandikwa kitabuni. Majina ya watoto hayatafika kwetu, wala picha zao hazitawekwa kwenye kitabu hiki. Mchangiaji anayetaka picha nitampa ya choo tulichojenga mwaka jana.

Fomu za ahadi ziko meza ya mlangoni, na ukurasa wa mwisho wa kitabu hiki una nyingine ya kukata. Andika kiasi na mwezi utakaolipa. Anayependa kulipa kidogo kidogo kwa miezi kumi na miwili anisaidie zaidi kuliko anayetoa leo yote, kwa sababu mafunzo haya ni ya kila mwaka. Mwenyekiti, naona saa imefika. Niko meza ya mlangoni na kitabu cha stakabadhi.