Mashine na Mwisho wa Mchezo
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya kompyuta, na nimechagua kuzungumzia mchezo. Vijana wa klabu ya sataranji wameniambia kwamba wakikwama kwenye mwisho mgumu wa mchezo, hufungua simu wakaiuliza mashine. Ni vyema. Lakini mashine hiyo hujibu kwa njia gani? Na kwa nini haiwezi kutujibu vivyo hivyo tukiipelekea bao la Sokomuhogo?

Mashine za sataranji ni za namna mbili, na wengi huzichanganya. Ya kwanza hupiga hesabu: nikienda hapa, yeye atakwenda pale. Stockfish ni ya namna hiyo. Ya pili haipigi hesabu unapoiuliza, ina daftari. Waliolitunga walianza na kila hali ambayo mfalme amekwisha kufungwa, wakarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka kila hali ikapata hukumu yake: kushinda, kushindwa au sare. Sisi watu wa maofisini tunalielewa jambo hili. Ni jalada ambalo uamuzi wake umekwisha kuandikwa. Karani analifungua na kusoma tu.

Daftari hilo limewaumbua wakubwa. Mwaka 1851 Kling na Horwitz walionyesha namna farasi mmoja anavyoweza kujihami mbele ya maaskofu wawili, na kwa zaidi ya miaka mia watu wakaamini kuwa ni sare. Mwaka 1983 Ken Thompson wa Marekani akaonyesha kwa kompyuta kwamba maaskofu hushinda, ingawa huenda zikatakiwa hatua 66. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Moscow kikapata daftari la vipande saba, wafalme wote wawili wakihesabiwa. Humo mna hali inayohitaji hatua 549 kabla mfalme hajafungwa. Daftari linakwambia uende wapi. Halikwambii kwa nini.

Mashine ya hesabu nayo hudanganyika. Mwaka 2017 Taasisi ya Penrose ilitoa fumbo: weusi wana malkia, ngome mbili na maaskofu watatu, wote watatu wa miraba myeusi. Mashine zikasema weusi wanashinda kwa mbali. Mtu akitazama kwa utulivu huona kwamba mfalme mweupe anaweza kujitembelea kwenye miraba myeupe mpaka sheria ya hatua 50 iwaletee sare.

Sasa tuje kwenye bao letu. Katika sataranji kipande kilicholiwa hutoka, kwa hiyo mwisho wa mchezo ni mdogo kuliko mwanzo wake. Ndiyo sababu daftari liliwezekana. Katika bao la Kiswahili kete iliyoliwa haitoki. Mlaji huichukua akaitawanya kwenye mashimo yake. Namua ikimalizika, kila mmoja akiwa ameingiza kete zake 22 za mkononi, kete 64 zimo ubaoni na zitabaki humo mpaka mtu afungwe. Njia za kugawa kete 64 katika mashimo 32 ni kama 1 ikifuatwa na sifuri 25. Daftari la sataranji la vipande saba lina hali trilioni 423 hivi. Hilo la bao lingekuwa kubwa kuliko hilo karibu mara bilioni 24. Na zaidi ya hayo, mwaka 2006 Kronenburg, Donkers na de Voogt walionyesha kwamba iko mitawanyo isiyokwisha: kete huzunguka milele bila ya kulala!

Basi kwa bao imebaki mashine ya kupiga hesabu, na hiyo haina kazi mpaka iletewe fumbo. Mafumbo ya sataranji yamechapwa vitabuni tangu karne nyingi. Ya bao yamo vichwani mwa wazee wa barazani, na kila tukimzika bingwa tunazika na mitego yake. De Voogt alikaa na mabingwa wa hapa Unguja, akachapisha kitabu mwaka 1995 juu ya namna wanavyofikiri. Kitabu kimoja hakitoshi, na sioni sababu ya kumngoja mgeni mwengine.

Mzee akikwambia, “Hapa umekwisha, hata ucheze vipi,” hilo ni dai linaloweza kupimwa. Chora safu nne za mashimo manane. Andika idadi ya kete katika kila shimo, zamu ni ya nani, kila mmoja ana ngapi mkononi, na kama nyumba haijavunjwa. Mashine haihitaji mengi zaidi. Huenda ikamkubali mzee, huenda ikampinga. Na ikimpinga, mrudie umwonyeshe, maana mara nyingi atakuwa na jibu.

Nimeleta madaftari 20 yaliyokwisha kuchapwa mashimo, nimemwachia Katibu. Wa Mji Mkongwe waanzie Sokomuhogo, wa shamba waanzie kwao. Tangulizeni kahawa, na msiandike mpaka mchezo umalizike, kwani wazee hawapendi kalamu juu ya ubao.