Mikononi mwa Mfinyanzi
(Mazungumzo yaliyotolewa redioni)

Fungu: Yeremia 18:1-6 na 19:1-11

 

Siku hizi maji tunayateka kwa mitungi ya plastiki na ugali tunausonga katika sufuria. Mtu aweza kuuliza, mfinyanzi ana kazi gani tena? Lakini wako watu, wanaume kwa wanawake, ambao wangeweza kununua chombo dukani kwa bei rahisi, nao huchagua kuketi na udongo mikononi siku nzima, kwa sababu wanaipenda kazi hiyo. Mwaka 1920 Mwingereza Bernard Leach, pamoja na rafiki yake Mjapani Hamada Shoji, walianzisha karakana katika mji mdogo wa St Ives, Uingereza, ili vyombo vifanywe tena kwa mikono wakati viwanda vilipokuwa vimetawala. Mwanafunzi wa Leach, Michael Cardew, alifika Nigeria akafungua chuo cha ufinyanzi katika mji uliokuwa ukiitwa Abuja, ambao sasa ni Suleja. Huko aliingia mama mmoja aliyejifunza ufinyanzi kijijini kwao, jina lake Ladi Kwali. Leo picha yake imo katika noti ya naira 20 ya Nigeria.

Nasi Wakenya tunaye binti yetu katika habari hii. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa ya uchoraji wa matangazo na vitabu. Huko moyo wake ukavutwa na udongo. Kati ya mwaka 1974 na 1975 alikwenda Abuja ile ya zamani, akajifunza kwa akina mama wa Nigeria. Vyungu vyake sasa vimewekwa hata katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Tuangalie jambo hili: msomi wa Ulaya alikubali kuketi miguuni pa mama wa kijijini, naye hakupungukiwa na kitu.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Kwanza udongo hukandwa sana. Kijiwe kilichofichika, au unyevu uliobaki ndani, waweza kukipasua chombo motoni. Kisha misokoto ya udongo hupandishwa mmoja juu ya mwingine, ikashikamanishwa kwa vidole. Yeremia alimwona mfinyanzi mwenye gurudumu. Lakini akina mama wa kwao Ladi Kwali hufinyanga pasipo gurudumu. Chungu hukaa mahali pake, na mfinyanzi ndiye akizungukaye, hatua kwa hatua, akikipandisha na kukilainisha pande zote. Je, si hivyo Mungu wetu anavyofanya? Twadhani sisi ndio tunaomtafuta, kumbe yeye ndiye anayetuzunguka.

Chombo kikiisha kufinyangwa, hukwanguliwa, kikasuguliwa kwa kokoto laini hadi king'ae, kikaachwa kukauka polepole. Ndipo kiingie motoni. Vyungu vya Magdalene Odundo havipakwi rangi ya kung'aa kama vikombe vya dukani. Udongo ukichomwa penye hewa ya kutosha hutoka mwekundu. Ukichomwa tena mahali palipozibwa hewa, hutoka mweusi. Ni udongo ule ule. Basi tusiseme kwamba huyu ni wa udongo bora kuliko yule kwa sababu motoni kila mmoja alitoka na rangi yake.

Ndugu, fungu letu lina mambo mawili ambayo mara nyingi hatuyasomi pamoja. Katika sura ya 18, chombo kinaharibika mkononi mwa mfinyanzi, naye hakitupi. Anaukusanya udongo ule ule akafanya chombo kingine kama apendavyo. Katika sura ya 19, nabii anaambiwa anunue gudulia la mfinyanzi, alivunje mbele ya wazee na makuhani, nalo halitengenezeki tena. Mbona kile cha kwanza kilirekebishwa na hiki cha pili hakikuweza? Tofauti yao ni moto. Udongo mbichi, hata ukikauka kabisa, ukitiwa maji hulainika tena. Lakini joto likipita kadiri ya digrii 600 za sentigredi, udongo hugeuka tabia. Hata ukiulowesha mwaka mzima, haurudi kuwa tope.

Ndiyo maana wazee walisema, udongo uwahi ungali maji. Enyi wazazi, mtoto wenu angali maji leo. Mkingoja hadi amalize shule ndipo mumfundishe kuomba na kusema kweli, mtamkuta amekwisha kuchomwa na moto wa watu wengine. Nawe kijana unayemwambia Mungu "kesho, kesho", jua kwamba moyo nao hukauka polepole, na mwenyewe asijue.

Lakini twajua kwamba wako wasikilizaji wanaosema mioyoni mwao, "Neno hilo limenipita. Mimi si udongo tena, mimi ni kigae." Huenda ni baba ambaye pombe ilimla shamba na watoto wakamwacha. Huenda ni binti aliyeacha shule akiwa na mimba, au mtu aliyetoka kifungoni na kila akiingia kanisani benchi husogezwa. Kwenu hatutasema maneno ya kupaka mafuta. Gudulia lililovunjika halirudi kuwa lile la kwanza. Miaka iliyopotea hairudi, na aliyekufa bila kusamehewa hatuwezi kumwita.

Ila liko jambo moja ambalo wafinyanzi wanalijua. Katika sehemu nyingi za Afrika, na katika karakana za nchi nyingi, vigae vya zamani havitupwi vyote. Husagwa vikawa kama mchanga, kisha hukandwa pamoja na udongo mpya. Kwa nini? Kwa kuwa udongo mtupu, hasa ulio laini mno, hunywea sana ukikauka na hupata nyufa upesi. Kigae kilichosagwa kimekwisha kupita motoni, hakinywei tena, nacho huusaidia udongo mpya kuvumilia. Chombo kipya kinasimama imara kwa sababu ndani yake mna kilichovunjika.

Yerusalemu nao ulivunjika kama alivyosema nabii, lakini Mungu aliwarudisha mabaki kutoka Babeli. Kusagwa ni kuchungu, ndugu. Ni kukiri, ni kuomba msamaha, ni kulipa kilichoibiwa. Lakini mkono unaosaga ni mkono uliochomwa misumari kwa ajili yako.

Na ninyi wazee wa kanisa na akina mama wa umoja, tunawauliza: vigae vya mtaa wenu viko wapi? Nani atakayeviokota? Yule mlevi aliyeokoka atamzuia kijana mahali ambapo mahubiri yetu hayafiki. Msimwache nje ya mlango kwa kuogopa ataharibu udongo wenu safi. Udongo wenu unamhitaji.

Na tuombe.

Ee Bwana, wewe u Mfinyanzi wetu. Walio laini bado, uwafinyange leo. Walio wagumu, uwavunje kwa rehema. Waliovunjika, usiwaache jalalani. Utukande pamoja, tuwe chombo kimoja cha kukutumikia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.